Jumba la Shiwa Ng'andu, ni la kulala au kuangalia tu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Tupo Mbeya, likizo ya Desemba tunataka tuvuke Tunduma tukatembee Zambia na watoto. Mume wangu kasikia kuna jumba kubwa la mzungu huko porini, linaitwa Shiwa Ng'andu, eti wageni wanalala. Ni kweli? Na mie roho inasita, nilipe hela yangu nikalale kwa mkoloni? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Kulala mnalala, ila mpige simu mapema maana vyumba vichache na wanapokea kwa bukingi, na kama bei inawashinda ombeni kutembezwa tu.

Hilo la mkoloni nakuelewa kabisa. Mwenye jumba, Mwingereza Stewart Gore-Browne, alifika pale 1914, afisa wa jeshi kwenye timu ya kupima mpaka na Kongo ya Wabelgiji, akaliona ziwa moyo ukanasa, vita ilipoisha akarudi 1920 akaanza kujenga. Sasa reli ilikuwa inaishia Ndola, kwa hiyo mizigo kutoka Uingereza ilibebwa vichwani na kwenye mitumbwi kupitia mabwawa ya Bangweulu, siku na siku, na matofali na vigae vimefinyangwa na kuchomwa palepale na mikono ya wenyeji. Ndo maana nasema nenda, ile ni kazi ya babu zetu Wabemba, mwambie anayewatembeza awaelezee hao mafundi na wapagazi, msikubali hadithi ya mwenye nyumba peke yake.

Mwenyewe alikuwa mkali, vibarua walichapwa, tusifiche. Ila huyohuyo baadae akasimama na Waafrika kwenye siasa, akajiunga UNIP, chama cha Kaunda cha kudai uhuru, na alipofariki 1967 Kaunda akamfanyia mazishi ya kitaifa, kaburi liko juu ya kilima linatazama ziwa.

Mafuta ya machungwa na malimau ya kutengenezea pafyumu ndo yalilisha shamba, ugonjwa ukaua miti, nyumba ikaja kuchakaa vibaya mpaka 2001 mjukuu wake na mkewe wakahamia wakaanza kuikarabati. Barua na picha za zamani bado zimo humo, omba uonyeshwe.

Njia ni Nakonde, Isoka, mkishapita Chinsali kabla ya Mpika mnakata kulia. Watoto wachukulie nguo za kuogelea, Kapishya kuna chemchemi ya maji moto, kama kilomita 20 kutoka kwenye jumba.