Vifundo vya kiuno kwa dereva wa bodaboda

Pole sana, ndugu, kwa vifundo vya kiuno. Hivyo vifundo unavyovigusa pembeni mwa uti wa mgongo baada ya kushinda kwenye bodaboda mara nyingi ni misuli iliyokaza kwa kukaa mkao mmoja saa nyingi. Usikubali mtu akukanyage mgongo ili kuvilegeza. Kwanza weka kitambaa cha maji ya moto dakika 15, kisiunguze ngozi. Kisha simama ukiegemea ukuta, mpira wa tenisi ukiwa kati ya ukuta na kifundo, upana wa vidole viwili kutoka kwenye mfupa wa uti wa mgongo. Juu ya mfupa wenyewe usiuweke kabisa. Egemea taratibu, tulia sekunde 30 hivi, kisha sogeza mpira. Ukijikuta unabana pumzi, umekandamiza mno, na msuli utazidi kukaza. Malizia kwa kulala chali na kuvuta magoti kifuani sekunde 20, mara 3.

Visirudi: shuka kwenye pikipiki kila baada ya nusu saa hivi, utembee kidogo. Kulala kitandani kutwa hakusaidii.

Ukipata ganzi sehemu za siri, mguu ukalegea au mkojo ukakataa kutoka, nenda hospitali saa hiyo hiyo.