Gundi kwenye mpira

SWALI: Mhariri, mie na mjomba twabishana kila tukiangalia besiboli ya Marekani, ati refa amshika mrushaji mikono, amkagua kofia mpaka mshipi, kwani kaiba nini? Msomaji, Likoni.

JIBU: Ndugu yangu, atafutwa gundi huyo. Mpira ukinata vidoleni wazunguka zaidi, ukizunguka hivo wapinda ghafla na mpigaji apiga hewa tu, na hapo ndo dhulma ilipo manake hakushindwa na ufundi, kashindwa na kopo la gundi. Kulikuwa na gundi ya Spider Tack, ilitengenezewa wale majamaa wa kubeba mawe mazito, wengine wakichanganya losheni ya jua na rozini. Rozini peke yake, ule unga wa utomvu wa msonobari, yaruhusiwa, mfuko wake uko palepale uwanjani. Kanuni ya kukataza gundi hizo ni ya zamani sana ila ilifumbiwa macho mpaka Juni 21, 2021, ukaguzi ukaanza kwelikweli. Akinaswa atolewa, kisha mechi 10 nje na timu haijazi nafasi yake. Hata mrushaji Max Scherzer yalimkuta Aprili 2023, akasema ni jasho na rozini tu lakini akafungiwa vilevile. Mie naona mechi 10 ni chache, mrushaji wa kuanza hucheza siku moja kwa tano hivi, kwahivyo akosa mechi mbili tu.