Re: Ski zinavuta hata baada ya kupaka nta
Mkuu, kama umepiga pasi nta vizuri na ski (zile mbao za kutelezea kwenye theluji) bado zinavuta, yaani hazitelezi vizuri, mi naona shida iko kwenye kukwangua. Acha nta ipoe kabisa ndo uikwangue na kipande cha plastiki, toka mbele kwenda nyuma, kisha brashi ya shaba halafu ya nailoni mpaka usione tena ule unga mweupe, maana inayofanya kazi ni iliyozama ndani sio ya juu. Pasi ikianza kutoa moshi punguza moto chap, utaunguza soli, yaani upande wa chini wa ski. Nta chagua kwa joto la theluji, sio la hewa tu. Nta za florini sahau, FIS (shirikisho la kimataifa la ski) walishapiga marufuku tangu msimu wa 2023/24. Na kama unakimbia klasiki (mtindo wa kwenda na ski zikiwa sambamba), sehemu ya ski iliyo chini ya mguu usipake ya kuteleza, pale panataka nta ya kushika theluji.