Ligi ya wanawake: kombe huhama kwa nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzazi hapa Njeru, na binti yangu wa kidato cha nne ni kiungo wa timu ya soka ya shule. Jirani yangu hudai kwamba Ligi Kuu ya Wanawake ya Uganda ni mashindano ya shule yaliyopewa jina kubwa, na ndiyo maana kombe huzunguka kama zamu ya kuteka maji. Je, anasema kweli? Na bingwa hupata nini zaidi ya kombe hilo?
Mzazi, Njeru

JIBU: Ndugu mzazi, jirani yako ameona sawasawa lakini amehukumu vibaya. Ni kweli kwamba klabu kadhaa zimezaliwa shuleni na vyuoni: Kawempe Muslim na Uganda Martyrs ya Lubaga zina mizizi katika shule za sekondari, na UCU Lady Cardinals ni ya Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Mukono. Hata hivyo ligi yenyewe inaendeshwa na FUFA, Shirikisho la Soka la Uganda, lile lile linalosimamia timu ya taifa, na tangu msimu wa 2019/20, ambao korona iliukatiza, ndiyo daraja la juu kabisa, huku Ligi ya Elite iliyokuwa juu zamani ikibaki chini yake.

Kuhusu kombe kuhama, ushahidi upo. Lady Doves ya Masindi ilitwaa ubingwa wa 2020/21, She Corporate wa 2021/22, Kampala Queens wa 2022/23, kisha Kawempe Muslim wa 2023/24. Misimu minne, mabingwa wanne. Kwa maoni yangu hiyo si zamu, bali ni matokeo ya vikosi vinavyotegemea wasichana ambao kesho watamaliza masomo, watahamia klabu nyingine au watavuka mipaka, kama Juliet Nalukenge alivyotoka Kawempe kwenda Apollon ya Kupro. Kocha aliyejenga safu ya ushambuliaji kwa miaka mitatu hujikuta akianza upya. Tena ligi ni fupi: kwa mfano, timu 10 zikikutana nyumbani na ugenini, kila moja hucheza mechi 18 tu, kwa hiyo sare mbili tatu za uzembe mwanzoni mwa msimu hazina muda wa kufidiwa. (Ligi yenye mechi 34 ingesamehe mengi.)

Bingwa hupata tiketi ya kuiwakilisha Uganda katika mchujo wa CECAFA (baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati), ambao mshindi wake huingia Ligi ya Mabingwa Afrika ya Wanawake, iliyoanza mwaka 2021. Mwaka 2022 She Corporate ilifika fainali ya mchujo huo Tanzania, ikafungwa 1-0 na Simba Queens, nayo Simba Queens ikaenda Morocco na kumaliza ya nne barani. Bao moja tu liliwatenganisha wasichana wa She Corporate na safari hiyo. Mwaka uliofuata mchujo ulichezwa hapo hapo kwenu Njeru, katika kituo cha FUFA, na JKT Queens ya Tanzania ikaushinda kwa penalti dhidi ya CBE ya Ethiopia. Pengine jirani yako alisikia kelele za mashabiki akadhani ni michezo ya shule.