Uwanja wa watoto umegeuka eneo la maghorofa

SWALI: Mheshimiwa mwanasheria, mimi na majirani zangu tulinunua nyumba katika mradi mpya Kigamboni baada ya kampuni kutupa kipeperushi kilichoonyesha uwanja wa watoto na eneo la wazi. Sasa hapo yanajengwa maghorofa, na ofisa mauzo anadai kuwa picha zile zilikuwa za mfano tu. Tuna haki gani?

JIBU: Ndugu msomaji, kifungu cha 19 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa mtu aliyeridhia mkataba kwa kudanganywa hiari ya kuutengua, au ya kusisitiza utekelezwe naye awekwe katika hali ambayo angekuwa nayo kama maelezo aliyopewa yangekuwa ya kweli. Kwenu ninyi mliokwisha kuhamia, njia ya pili naiona ina manufaa zaidi.

Kampuni huenda ikajitetea kwamba mngeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Kwa hiyo nendeni kwanza idara ya mipango miji ya manispaa mkaangalie mchoro ulioidhinishwa, na kama unaonyesha eneo la wazi, ulizeni ni nani aliyeruhusu matumizi yabadilishwe. Hizo picha "za mfano" zitunzeni pamoja na risiti na ujumbe wa simu.

Someni pia mkataba wenyewe, kwa kuwa baadhi huwa na kipengele kinachomruhusu mwendelezaji kubadili ramani, kisha wakili awaandikie notisi ya pamoja. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6.