Ramani ya Google inataka kadi, ya OpenStreetMap imenizuia. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo kaka. Nimetengeneza mfumo wa wavuti kwa kampuni ndogo inayosambaza mitungi ya gesi kwa bodaboda hapa Dar es Salaam. Mwanzoni niliweka ramani ya Google, ikaja imefifia, imeandikwa kila mahali kwa Kiingereza kwamba ni ya majaribio tu. Nikahamia Leaflet (msimbo wa kuonyesha ramani kwenye ukurasa) na OpenStreetMap (ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea) kwa sababu nilisikia ni bure. Kwenye laptop yangu yenye Django 2.2, mfumo wa Python wa kujengea tovuti, inakubali vizuri, lakini kwenye seva mpya yenye Django 4.2 badala ya mitaa vinakuja vipande vyenye ujumbe kwamba nimezuiwa. Tena, nilipokuwa natumia Google niligeuza anwani za wateja kama 1,900 kuwa latitudo na longitudo, nikazihifadhi kwenye hifadhidata. Naweza kuzionyesha juu ya ramani mpya? Halafu bosi anataka niondoe yale maandishi ya chini pembeni, anasema yanaharibu sura ya mfumo, hasa ile bendera.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na hilo la kuzuiwa, maana ndilo linalokunyima usingizi, na ndilo jepesi kuliko yote.

Fungua mfumo wako kwenye seva, bonyeza F12, nenda sehemu ya Network, kisha gusa ombi moja la kipande cha ramani, mojawapo ya yale yanayoishia na .png. Soma vichwa vya ombi. Utatafuta mstari unaoitwa Referer na hutauona. Mstari huo ndio unaoiambia seva ya mbali kwamba ombi limetoka tovuti gani, na seva za OpenStreetMap hazimhudumii anayebisha hodi bila kujitaja. Wewe hukuufuta. Django ndiyo iliyokufutia. Tangu toleo la 3.1, isipoambiwa vingine, hutuma Referrer-Policy yenye thamani same-origin, yaani kivinjari kitaje ukurasa wako pale tu kinapoomba kitu kwenye tovuti hiyo hiyo. Kikitoka nje, kinyamaze. Django 2.2 ya kwenye laptop haina tabia hiyo, ndiyo maana imekuwa ikikupa moyo bure.

Weka mstari huu kwenye settings.py:

SECURE_REFERRER_POLICY = "strict-origin-when-cross-origin"

Washa upya, futa kumbukumbu ya kivinjari, jaribu tena. Kwa mpangilio huo kivinjari kitataja jina la tovuti yako peke yake. Hakitataja ukurasa wala namba ya oda ya mteja, kwa hiyo hakuna siri inayovuja. Ikigoma, angalia kama nginx, ile programu inayohudumia tovuti kwenye seva, nayo haijaongeza kichwa chake cha Referrer-Policy juu ya kile cha Django. Nimeshapoteza jioni nzima nikihariri faili sahihi kwenye seva isiyosikia, kumbe nginx ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho. Na kama umewasha Content-Security-Policy, orodha ya tovuti ambazo kivinjari kinaruhusiwa kuchukua vitu, hakikisha tile.openstreetmap.org imo kwenye img-src, la sivyo kivinjari chenyewe kitakukatalia kabla ombi halijatoka nyumbani.

Mitaa itarudi. Sasa tuzungumze kuhusu hilo neno bure, maana limebeba vitu vitatu vyenye wenyewe watatu tofauti. Leaflet ni sufuria: msimbo ulioandikwa na Volodymyr Agafonkin mwaka 2011, leseni yake ni BSD, pikia utakacho, hata cha kuuza. Data ni unga: mitaa, majengo na mito iliyochorwa na watu wa kujitolea, iko chini ya leseni ya ODbL tangu Septemba 2012, nayo unaruhusiwa kuitumia kibiashara. Seva inayokuletea vile vipande vya picha ni jiko la jirani. Unga ni wa bure, lakini mkaa kuna mtu anaununua. Seva hizo zinaendeshwa kwa michango, hazina mkataba na wewe, na sera yao inasema wazi kwamba wanaweza kukukatia huduma bila taarifa. Kupakua vipande kwa wingi ili uvitumie nje ya mtandao ni marufuku kabisa. Biashara haijakatazwa, ila kampuni yako ikikua na oda zikamiminika, siku moja asubuhi utaamkia ramani ya kijivu, waendesha boda wako getini, na hakuna namba ya kumpigia mtu.

Kwa hiyo jirani atumike wakati wa kujaribu. Ukianza kazi kamili una njia mbili. Ya kwanza ni kulipia kampuni inayotoa vipande vya data hiyo hiyo. Zipo kadhaa, na nyingi zina kifurushi cha bure. Soma kwanza kipengele cha matumizi ya kibiashara, maana mara nyingi hicho cha bure hakimhusu mwenye duka.

Ya pili ndiyo ningeichagua mimi kwa mfumo wa mji mmoja: jikoni kwako mwenyewe. Kuna aina ya faili inayoitwa PMTiles, ambayo hubeba ramani nzima ndani ya faili moja. Huna haja ya programu ya ramani kwenye seva. Unakata eneo lako kutoka faili la dunia nzima kwa amri ya pmtiles extract, ukiipa mipaka kama --bbox=39.0,-7.2,39.6,-6.5, na Dar yote inaingia. Angalia mpangilio huo: longitudo inatangulia, latitudo inafuata. Faili unaliweka kwenye nginx kama unavyoweka picha. Kivinjari hakipakui lote. Kinaomba kipisi fulani cha baiti, na seva sharti ijibu 206, yaani "nimekupa kipisi". Ukiona inajibu 200, yaani "chukua lote", ujue seva haielewi ombi la kipisi, na ramani haitafunguka, au simu ya mteja itameza bando lake lote.

Njia hii ina miba yake. Vipande vyake havina picha ndani, ni mistari na maumbo ambayo simu inayachora yenyewe, kwa hiyo utahitaji MapLibre, msimbo mwingine wa kuonyesha ramani, au kiongezi cha Leaflet. MapLibre hutegemea WebGL, uwezo wa kivinjari wa kuchora kwa chipu ya picha, na simu za zamani za waendesha boda hukwama hapo. Ijaribu kwenye simu mbovu kuliko zote ofisini, usiijaribu kwenye ya bosi. Pia faili za fonti na alama ndogo za ramani zinakaa kando. Ukizisahau, mitaa inakuja bila majina. Usichanganye MapLibre na Mapbox GL JS: zilikuwa kitu kimoja, lakini Desemba 2020 Mapbox walifunga leseni kuanzia toleo la 2, na jamii ya watengenezaji ikachukua toleo la mwisho lililokuwa wazi na kuendelea nalo. Msimbo unafanana sana. Haki zake zimeachana.

Tuje kwa bosi. Nusu ya ombi lake anaipata. Neno Leaflet na bendera ya Ukraine, ambayo ilianza kuonekana na toleo la 1.8 mwaka 2022, unaweza kuviondoa kwa map.attributionControl.setPrefix(false). Leseni ya BSD haikulazimishi kuvionyesha kwenye skrini. Maandishi ya OpenStreetMap hayaondoki. Ndiyo malipo pekee wanayodai: kutajwa, mahali panapoonekana, pamoja na kiungo cha openstreetmap.org/copyright. Unaweza kuyaandika kwa Kiswahili, "© Wachangiaji wa OpenStreetMap", na kuyapa rangi inayoendana na mfumo wenu. Usiyafiche chini ya kitufe cha "Agiza" ukidhani hakuna atakayeona. Mwambie bosi pia kwamba wachangiaji hao si watu wa mbali tu. Tandale ilichorwa mwaka 2011, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa vyuo na wakazi kwenye vichochoro vya Dar kuchora mitaro na nyumba kwa sababu ya mafuriko. Vichochoro wanavyopita waendesha boda wake viliingia kwenye ramani kwa miguu ya watu hao.

Sasa zile anwani 1,900, na hapa sina habari njema. Masharti ya Google hayakuruhusu kuweka matokeo yao juu ya ramani isiyo ya kwao. Hata ungebaki kwao, latitudo na longitudo unaruhusiwa kuzihifadhi kwa muda usiozidi siku 30. Kinachoweza kukaa bila kikomo ni place ID, ule utambulisho mrefu wa herufi na namba, ambao bila Google haufunguki. Kwa hiyo safu za latitudo na longitudo zilizotoka kwao, zifute. Alichoandika mteja mwenyewe, "Sinza, nyuma ya msikiti, geti jekundu", hicho ni chenu, kibaki.

Na kusema kweli hujapoteza kikubwa. Hebu chukua anwani 20 kati ya hizo uzilinganishe na mahali mtungi ulikoshushwa kweli. Mwenye anwani ya "geti jekundu" mara nyingi hutupwa katikati ya kata, kwa sababu mashine haijui geti. Mwendesha boda analijua. Anapofika kwa mara ya kwanza, mpe kitufe cha "Nimefika" kinachochukua GPS ya simu yake na kuihifadhi kwenye oda. Baada ya mzunguko mmoja wa wateja utakuwa na namba sahihi kuliko zile, na ni mali yenu. Ukiziweka kama alama juu ya ramani bila kuzichanganya ndani ya data ya OpenStreetMap yenyewe, ODbL haikudai uzitoe hadharani. Tena usizitoe: ni makazi ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu.

Kitufe hicho kina mitego miwili. Kivinjari hakitoi GPS kwenye tovuti isiyo ya https. Kwenye localhost, yaani kompyuta yako mwenyewe, inakubali, kwenye seva ya http inakataa. Na jibu la GPS huja na kipimo cha usahihi kwa mita, accuracy. Ukipata 1,200, simu imebahatisha kwa mnara. Mimi huweka kikomo cha mita 30 na kumwomba mtu asogee nje ya kibaraza ajaribu tena.

Je, urudi Google? Ile ramani iliyofifia ilikuwa inadai akaunti ya malipo yenye kadi. Tangu Machi 2025 ramani ya kawaida ya JavaScript inafunguliwa bure mara 10,000 kwa mwezi, kisha dola 7 kwa kila 1,000. Mkifungua mara 500 kwa siku ni 15,000 kwa mwezi, yaani dola 35. Si bei ya kutisha. Ila ufunguo wa API uufunge kwa jina la tovuti yako na uweke kikomo cha maombi kwa siku. Mradi mmoja niliuacha wazi nikitegemea tahadhari ya bajeti. Tahadhari ilinitumia barua pepe kwa adabu, huku mtu nisiyemjua akiendelea kula. Kwa kazi yenu, Google ina thamani pale mnapohitaji foleni na utafutaji wa maeneo. Kuonyesha alama tu, hapana.

Na foleni unaweza kuipata bila ufunguo wala kadi. Kwenye skrini ya mwendesha boda weka kiungo cha kawaida: https://www.google.com/maps/dir/?api=1&destination=-6.82,39.27 na akigusa, simu inafungua programu yake ya ramani na kumwongoza. Hapo latitudo inatangulia, kama kwenye Leaflet. Kwenye GeoJSON (muundo wa kuandikia data ya ramani) na MapLibre longitudo ndiyo inayotangulia. Ukizigeuza, mteja wa Kariakoo anahamia Hispania, kati ya Badajoz na Cáceres. Ukisahau alama ya kutoa, yuko Ethiopia. Weka ukaguzi kwenye modeli yako ya Django: latitudo isiyo kati ya -7.2 na -6.5 ikataliwe kabla haijahifadhiwa.