Kabla hujaniuliza pikapu inakula kiasi gani, niambie inabeba nini

Mwezi huu barua nyingi zinahusu pikapu, na karibu zote zinauliza habari ya mafuta. Nimechagua chache. Walioniuliza bei ya Hilux ya mtumba bila kutaja mwaka, injini wala hali ya gari sijawajibu, na sitawajibu mpaka waandike upya.

Nataka kununua pikapu. Je, ulaji wa mafuta ni jambo la kuangalia au ni la kupuuza? (Msomaji, Kahama)

Swali hili linakuja kila mwezi, na kila mara mwulizaji hasemi anatembea kilomita ngapi, anabeba nini wala anapita njia gani. Bila hayo matatu hakuna mtu anayeweza kukujibu kwa haki, na anayekujibu haraka anataka kukuuzia gari.

Tufanye hesabu. Pikapu ya kwanza inatembea kilomita 10 kwa lita, ya pili kilomita 8. Tuchukulie lita ni shilingi 3,000. Wewe weka bei ya mwezi huu ya EWURA, wadhibiti wa bei ya mafuta. Mwenye shamba anayetembea kilomita 500 kwa mwezi atamaliza kilomita 6,000 kwa mwaka. Gari la kwanza litakula lita 600, la pili lita 750. Tofauti ni lita 150, yaani shilingi 450,000 kwa mwaka mzima. Fedha hiyo haifikii bei ya matairi mapya manne. Huyu asinunue gari bovu kwa sababu tu muuzaji kamwambia halili mafuta.

Sasa chukua mfanyabiashara anayetembea kilomita 4,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni kilomita 48,000: lita 4,800 dhidi ya lita 6,000. Tofauti ni shilingi milioni 3.6 kila mwaka, na kwa miaka mitano milioni 18. Kwa huyu, mafuta ndiyo bei ya gari. Akikosea hapo, faida yake yote inaishia sheli.

Kuna kosa jingine ambalo hata watu wa hesabu hulifanya. Wanadhani kuongeza kilomita moja kwa lita kuna faida ileile popote. Sivyo. Kwa kilomita hizo 48,000, ukitoka gari la kilomita 5 kwa lita ukaenda la kilomita 6, unaokoa lita 1,600. Ukitoka la 14 kwenda la 15, unaokoa lita kama 229 tu. Kwa hiyo anayehangaika zaidi anapaswa kuwa mwenye gari kubwa linalobugia, wakati wanaoniandikia kwa hofu ni wenye magari madogo ambayo tayari yana nafuu. Ukitaka usidanganyike, hesabu lita kwa kila kilomita 100. Gari la kilomita 5 kwa lita linakula lita 20, la 6 linakula 16.7. Ukiziweka namba hivyo tofauti inaonekana wazi.

Nachukua mbao Mafinga napeleka Dodoma. Nichague Hilux ya petroli 2.7 au ya dizeli 3.0 D-4D? (Msomaji, Iringa)

Dizeli. Wewe umesema mzigo na njia, kwa hiyo nakujibu kwa moyo mweupe.

Injini ya petroli ya 2.7, ile 2TR, inatoa nguvu yake ya kuvuta ya juu kabisa kwenye mizunguko karibu 3,800 kwa dakika, na nguvu hiyo ni kama 241 Nm. Dizeli ya 3.0, yaani 1KD, inatoa 343 Nm kuanzia mizunguko 1,400. Maana yake barabarani ni kwamba ukiwa na mbao mbichi za msonobari, ambazo maji yake peke yake ni mzigo, petroli itabidi uikamue kwa gia ya tatu kila kilima, na hapo ndipo inapokunywa. Dizeli inapanda taratibu kwa gia ya juu. Isitoshe, lita ya dizeli ina nishati nyingi kuliko lita ya petroli, kwa zaidi ya asilimia 10.

Lakini 1KD haina msamaha kwa mafuta machafu. Nozeli zake zinafanya kazi kwa presha kubwa mno, na seti nzima ikifa bei yake itakuondolea usingizi. Badilisha filta ya dizeli kabla ya muda, toa maji kwenye kichujio, na usinunue mafuta ya madumu barabarani hata kama ni nusu bei. Mwaka 2010 Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa sana, kwa sababu watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli na kuua injini za wenzao. Uchakachuaji umepungua, ila dumu la porini halina kinasaba wala risiti.

Na hukuniuliza, lakini nasema: Hilux imetengenezwa kubeba tani moja hivi. Naziona Mafinga zinatoka zimebinuka pua juu, springi zimelala kinyumenyume. Mkibeba hivyo msiniandikie kwamba gari linakula mafuta. Niandikieni kwamba breki haikushika, kama mtakuwa mmepona.

Naishi Goba, ofisi Posta. Naipenda sana Land Cruiser 79 yenye 1HZ. Nasikia inakula, lakini je, sana? (Msomaji, Dar es Salaam)

Sana, kwa kazi yako. Ile ni injini ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na imekuwepo tangu 1990. Ndani ya gari lenye uzito wa zaidi ya tani mbili, kwenye foleni ya asubuhi na jioni, utahesabu kilomita sita au saba kwa lita siku nzuri. Tenki lake ni lita 130. Kwa lita ya shilingi 3,000, kulijaza ni shilingi 390,000.

Wala siitukani 79. Nenda Loliondo, nenda Katavi wakati wa masika, nenda kwenye barabara ambazo kituo cha mafuta kinachofuata kiko mbali na fundi yuko mbali zaidi, utaona kwa nini watu wa hifadhi na wa utafiti wa madini hawaiachi. Pampu yake ni ya kawaida, haina kompyuta ya kuigomea, na fundi wa kijijini anaifungua na kuifunga. Huko mafuta ni gharama ndogo ukilinganisha na kulala porini siku mbili na wagonjwa garini. Huko nunua bila kuuliza.

Kwa Goba na Posta, unalipia kila siku uwezo ambao hutautumia. Na siyo wewe peke yako. Mji umejaa dabo kebini ambazo bodi zake hazijawahi kubeba hata mfuko wa saruji. Wenye fedha zao watafanya watakavyo, lakini kijana anayekopa benki ili anunue pikapu ya heshima, kisha anaomba nauli tarehe 20, ananihuzunisha. Nunua gari dogo. Siku ukiwa na mzigo, kodi kirikuu, ile pikapu ndogo ya Kijapani.

Kuna vifaa vya sumaku vya kufunga kwenye bomba la mafuta. Vinapunguza ulaji? (Wasomaji watano tofauti)

Hapana. Wamarekani wamevipima, havikuonyesha faida.

Fundi aliondoa themostati kwenye Hilux yangu ili isichemshe. Sasa inakula mafuta kuliko zamani. Kuna uhusiano? (Msomaji, Tabora)

Upo, na hili nimeliandika mpaka nimechoka. Themostati inaizuia injini isikae baridi. Injini inataka kufanya kazi kwenye nyuzi joto kama 80 hadi 90. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, injini haifikii joto lake, oili inabaki nzito, mafuta hayaungui vizuri, na kwenye petroli yenye kompyuta, kompyuta yenyewe inadhani bado ni asubuhi na inaongeza mafuta. Silinda na ringi zinalika mapema.

Kibaya zaidi, ugonjwa wenyewe haukutibiwa. Gari lilikuwa linachemsha kwa sababu fulani: rejeta imeziba kwa maji ya bomba yenye chumvi, feni haishiki, mfuniko wa rejeta umekufa, pampu ya maji imechoka, au gasketi ya silinda hedi imeanza kuvuja. Nunua themostati halisi, irudishe, safisha rejeta, weka kulanti, kisha mtafute fundi mwingine. Fundi anayeanza kwa kutoa vitu vilivyowekwa na waliotengeneza gari usimwachie ufunguo.

Tunaposhuka Kitonga au Nyang'oro madereva wenzangu wanaweka nyutro kuokoa mafuta. Ni sawa? (Dereva, Makambako)

Acha leo. Gari lolote la kisasa lenye mfumo wa kompyuta, petroli au dizeli, ukiachia mguu likiwa kwenye gia linakata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro injini inabidi ijiendeshe yenyewe, na kwa hiyo inakunywa. Unapoteza mafuta unayodhani unaokoa.

Na hata kama ungeokoa, Kitonga imezika watu wengi. Ukiwa nyutro na mzigo, breki peke yake ndiyo inayokushika. Inapata moto, mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama mpaka chini, na gia huwezi kuirudisha kwa mwendo huo. Shuka kwa gia uliyoweza kupandia, au chini ya hiyo. Utingo akikuambia mwenzake wa jana alishuka nyutro salama, mshushe utingo.

Nifunge mfumo wa gesi asilia kwenye pikapu yangu ya petroli? (Msomaji, Mbagala)

Kama unazunguka Dar es Salaam na Pwani kila siku, ndiyo, piga hesabu hiyo kwa makini, kwa sababu kilo moja ya gesi inakupeleka mbali kuliko lita moja ya petroli na bei yake iko chini. Wanaotembea sana hurudisha gharama ya kufunga. Lakini mtungi utakula nafasi nyuma ya kebini na kukuongezea uzito kabla hujapakia chochote, foleni za vituo unazijua mwenyewe, na ukivuka kwenda mikoa isiyo na vituo vya gesi utarudi kwenye petroli. Wa dizeli wasijisumbue.

Funga kwenye karakana inayotambulika, kama ile ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT. Mtungi huo unabeba gesi kwa presha ya karibu bar 200. Nimesikia wapo wanaofungiwa mitungi ya gesi ya kupikia uchochoroni. Mtungi wa jikoni haukutengenezwa kwa presha hiyo. Aliyekufungia hivyo amekuwekea bomu mgongoni mwa watoto wako.

Nauza mboga kutoka Lushoto hadi Mombo na Korogwe, kilo 300 au 400 kwa siku. Watu wananiambia nikue ninunue Hilux. (Mama wa mboga, Lushoto)

Mama, usiwasikilize. Kirikuu ya Kijapani yenye injini ya cc 660 kwao imeidhinishwa kubeba kilo 350. Kaa ndani ya uzito huo, usizidishe hata siku una kilo 400, na kagua breki kila mara kwa sababu njia ya Lushoto kushuka Mombo ina kona na korongo. Utatumia karibu nusu ya mafuta ya Hilux, na tairi na spea zake ni za bei nafuu. Siku mzigo ukifika kilo 800 kila siku, siyo siku moja moja, ndipo tuzungumze. Kukua ni faida kuongezeka, na gari kubwa linaweza kuimaliza.

Dereva wangu anasema pikapu ya kampuni, Isuzu D-Max, inatembea kilomita sita kwa lita. Nahisi ananiibia mafuta. Nimfukuze? (Mkurugenzi, Arusha)

Usimfukuze kabla ya kupima. Jaza tenki mpaka pampu ikatike yenyewe, andika kilomita, tumia gari kwa kazi ya kawaida angalau kilomita 300, kisha rudi sheli ileile, pampu ileile, ujaze tena. Gawanya kilomita kwa lita. Hakikisha pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo na uchukue risiti. Usipime kwa robo tenki. Mshale wa dashibodi haukutengenezwa kwa hesabu.

Kabla ya hapo kagua gari. Filta ya hewa ina vumbi? Tairi zina upepo wa kutosha? Baada ya safari sogeza mkono karibu na kila rimu: moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki inabana. Umefunga matairi makubwa kuliko ya asili? Basi kilomita za dashibodi zinasoma pungufu na dereva anaonekana mwizi kwa sababu hiyo tu. Anakusubiri nje ya vikao saa tatu injini inaunguruma na kiyoyozi kimewashwa? Hiyo ni mafuta pia, na ni wewe uliyemwagiza. Unamhimiza awahi Namanga? Kutoka mwendo wa 80 hadi 110 upinzani wa upepo unakaribia kuwa maradufu.

Madereva wengi waaminifu wamepoteza kazi kwa sababu ya filta iliyoziba. Wezi wapo pia, na kitabu cha safari chenye kilomita, lita na sahihi kitawaonyesha ndani ya miezi miwili bila kelele. Anza nacho leo. Safari ya kupima endesha wewe mwenyewe, yeye akae pembeni. Ukipata kilomita sita kwa lita, mwombe radhi, kisha peleka gari kwa fundi wa pampu na nozeli.